Ulimi wa Bibi Uliopona Kwangu Peke Yangu

Matobolwa yakichemka jikoni, vile viazi vitamu vilivyopikwa vikaanikwa, harufu yake haibishi hodi. Inaingia mpaka chumbani, tamu, nzito, na ukitia karanga zilizotwangwa, basi tena, hata aliyeshiba anameza mate. Juzi binti yangu mkubwa, Roza, alikuwa ananipikia hayo matobolwa huku anafuta machozi kwa upindo wa khanga. Baba yake, mzee wangu niliyezeeka naye, alianguka kiharusi mwezi uliopita, na sasa akifungua kinywa unasikia mngurumo tu, maneno yamefumuka kama mkeka wa zamani. "Mama, Baba haongei tena," Roza akaniambia. Ndugu zake nao walishafika, wakakaa kidogo kando ya kitanda, wakatikisa vichwa, wakatoka nje kunong'onezana. Mimi nikaivuta ile harufu, nikajisemea: haongei? Thubutu! Ninyi ndio hamjakaa kitako.

Nasema hivyo kwa sababu njia hii nilishaipita zamani, nikiwa binti mdogo mwenye magoti yenye vumbi, enzi za Mwingereza. Wenzangu wa umri wangu mtanielewa. Tulikaa Kanyenye, pale Tabora, nyumba ya udongo yenye uwanja nyuma, na baba yangu alikuwa fundi wa reli. Chumba cha uani kilikuwa cha Bibi, mama yake Baba. Bibi alikuwa mtoto wa mpagazi, mmoja wa wale Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu begani kutoka Unyanyembe mpaka pwani na kurudi. Mimi aliniita mke mwenza, maana marehemu babu alikuwa mume wetu sote wawili, na kila asubuhi alinisuta kwamba nimelala mno ndiyo maana mume katukimbia. Alikuwa na mdomo, jamani! Mgogo, mtani wetu, akikatiza mbele ya nyumba yetu hakosi kutaniwa mpaka acheke mwenyewe. Akiita "Tereza!" nilipaswa kuitika "Abee, Bibi" kabla mwangwi haujaisha, la sivyo ningetukanwa mpaka ukoo wa mama.

Na alipotwanga karanga hakuimba kama wanawake wengine. Alitaja kambi. Baba yake alikuwa amewafundisha watoto wake vituo vyote vya njia ya misafara, na yeye akawafundisha wanawe, kila pigo la mchi na jina lake: Kigwa, Rubuga, Tura, halafu Mgunda Mkali, halafu Kilimatinde, mpaka Mpwapwa, mpaka Bagamoyo. Pale Mgunda Mkali unatwanga mara mbili haraka haraka, kwa kuwa wapagazi walipita kwenye pori lile mbio mbio, maji hakuna. Anayesahau pigo la pili anarudishwa Tabora kuanza upya. Baba yangu aliyajua hayo, dada yake aliyajua, na mimi niliyajua kabla sijajua kusoma.

Asubuhi moja Bibi hakuamka kunisuta. Tulimkuta mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia, na sauti inayotoka ni ya mtu aliyejaza ugali wa moto kinywani. Walikuja wazee wa ukoo, wakaja majirani, akaja mganga wa hospitali ya serikali akamwangalia macho akaondoka. Mmoja akasema amerushiwa kitu. Mwingine akasema ni uzee tu. Wote walikubaliana jambo moja, kwamba akili zimemtoka. Wakaanza kumpigia kelele kama kiziwi, halafu wakaacha kumsemesha kabisa. Wanakaa mbele yake na kumzungumzia kama marehemu, kwamba alikuwa mcheshi, alikuwa mchapakazi. Yeye yupo pale, anasikia kila kitu! Mimi nilikuwa nayaona macho yake. Yalikuwa macho yale yale ya kumsubiri Mgogo apite.

Iliniuma. Iliniuma mpaka nikashindwa kula. Lakini mimi nilizaliwa mbishi, na mama yangu atanishuhudia huko aliko. Nikajiambia Bibi wangu ataongea tu.

Kila jioni kabla ya chakula Bibi alisali rozari. Ubatizo aliupata uzeeni, watoto wake walipokwisha kuoa na kuolewa, na alishika ile rozari kwa bidii ya mtu aliyechelewa. Sasa vidole havikumtii, basi mimi nikapewa kazi ya kumsogezea punje. Nilikaa kwenye kigoda karibu kabisa na mdomo wake. Salamu Maria niliijua kwa moyo, tulichapwa viboko vya katekismu mpaka ikaingia. Kwa hiyo Bibi alipokuwa anatoa ile mingurumo yake, mimi nilijua ni neno gani linakuja kabla halijaja. Nikawa nalingojea. Nikaanza kuona kwamba pale penye "s" yeye anatoa pumzi tupu, na pale midomo inapotakiwa kukutana haikutani, inaacha kaupepo kadogo. Jana ilikuwa fujo, leo kuna neno moja limesimama katikati ya fujo, kesho yake mawili. Mpaka jioni moja niligundua nimeisikia sala nzima, mwanzo hadi amina, wala sikuwa nimeisaidia kichwani mwangu.

Mimi nikaamini kabisa Mama Maria anamponya Bibi ulimi, kidogo kidogo, haba na haba. Nani angenipinga? Niliyasikia kwa masikio yangu. Nikamwambia Baba, naye akaja akasimama mlangoni, akasikiliza, akanishika kichwa. "Vizuri, mwanangu," akasema, kisha akaenda kusimama uani peke yake.

Siku zikaenda. Asubuhi moja natwanga karanga, Bibi amekaa kwenye mkeka na matobolwa yameanikwa juu ya ungo pembeni yake, nikasikia wazi kabisa: "Mke mwenza, unatwanga kama unaua nyoka." Haikuwa sala. Sikuwa nalingojea neno lolote. Niliangusha mchi ukaniponda kidole cha mguu, wala sikusikia maumivu. Nikakimbia jikoni napiga kelele, "Bibi kapona! Bibi kapona!" Mama akaja na mwiko mkononi, Bibi akarudia maneno yale yale, mimi nacheka mpaka nashika mbavu. Mama akanitazama, akamtazama Bibi, halafu akanifinya sikio. "Usicheze na mgonjwa, Tereza. Ni dhambi." Nikadhani moshi wa jikoni umemziba Mama masikio.

Tangu hapo mimi na Bibi tuliongea mpaka tukachoka. Alinisuta, nikamjibu. Aliniambia watu wanaokuja kumtazama wanamkera, na kwamba Baba amekonda kwa mawazo, na kwamba uji wa Mama hauna ladha ila nisimwambie. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Nyumba nzima ilikuwa na huzuni, isipokuwa sisi wawili.

Ndipo gari moshi likatuletea Shangazi kutoka Goweko. Huyu ndiye dada mkubwa wa Baba, mwanamke mrefu, mikono imekomaa kwa kilimo cha tumbaku, ameolewa kwenye ukoo wa Wamoravian wanaoamka kabla ya jogoo. Nilimsalimia, "Shikamoo, Shangazi," akaitika "Marahaba" bila kuniangalia, akaenda moja kwa moja kwa mama yake. Bibi alipomwona akasema, "Umekuja, mwanangu. Nimekuota." Mimi nilisikia vizuri kabisa. Shangazi alisikia mngurumo. Alijitupa chini pale mkekani akalia kwa sauti, mtu mzima, mpaka nikaogopa.

Akishalia huwa halii tena. Jioni hiyo, tukiwa tumekaa uani, akamwambia Baba, "Namchukua. Hapa mkeo ana watoto, wewe upo reli kutwa. Kwangu nitamlisha, nitamwogesha, atulie mpaka Mungu atakapomwita. Akili hana tena, maskini mama yangu. Gari moshi la keshokutwa tunaondoka."

Baba akainamisha kichwa. "Wewe ndiye mkubwa, Dada. Sina neno."

Goweko nani angeongea naye? Angekaa kwenye kona ya nyumba, anaoshwa kama sufuria, anayajua yote, na hakuna kiumbe wa kumwambia hata kwamba uji hauna ladha. Bibi mwenyewe alikuwa amekaa hapo hapo na machozi yanamtoka upande ule wa uso uliolegea. Akasema, "Waambie sijafa."

"Bibi anasema hajafa!" nikapaza sauti.

"We mtoto," akasema Shangazi.

"Amesema sasa hivi! Umesikia! Unajifanya husikii kwa sababu unataka kumchukua!"

Kumwambia shangazi yako maneno kama hayo mbele ya baba yako! Baba alishainuka, mkono uko kwenye mkanda. Shangazi akamzuia. "Mwache. Anampenda bibi yake, anajitungia." Kisha akanigeukia, na sauti yake haikuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. "Sikio la kufa halisikii dawa, mwanangu. Nakwambia Mama amekwenda. Aliyebaki hapa ni mwili."

"Basi kaa usali nasi," nikasema. "Kaa hapa karibu. Utasikia."

Akakubali, kwa kuchoka nadhani. Akakaa kwenye kigoda changu. Bibi akasali, taratibu, kwa kila nguvu aliyokuwa nayo. Mimi nimemkodolea macho Shangazi, nangojea uso wake ufunguke. Haukufunguka. Masikini, angesikia nini? Kwao hawasali rozari, na Bibi alibatizwa yeye akiwa ameshaolewa Goweko. Hakujua neno gani linakuja, kwa hiyo hakuwa na cha kungojea. Lakini mimi hayo sikuyajua. Nilijua tu kwamba nimeshindwa. Aliinuka katikati ya fungu la pili. "Nimejaribu, mnanishuhudia," akasema, akaingia ndani.

Nililia mpaka macho yakavimba. Asubuhi yake Shangazi alikuwa barazani anafunga nguo za Bibi kwenye shuka. Mimi nimenuna pembeni ya kinu, sijashika kitu. Bibi akanivuta gauni kwa mkono wake mzima, ule wa kushoto. "Niinue," akasema. Nikamwinua, nikamkalisha kwenye kigoda. Akauchukua mchi mdogo wa karanga kwa mkono huo mmoja usiozoea, akaunyanyua, akauangusha. Na kwa kila pigo akatoa sauti.

Pigo, sauti. Pigo, sauti. Pigo, sauti. Kisha mapigo mawili ya haraka.

Shangazi alikuwa anafunga fundo la shuka. Mikono ikasimama. Bibi akaendelea mpaka mwisho wa njia, akapumzika, akaanza tena. Alipofika Mgunda Mkali akatwanga pigo moja tu, makusudi. Akauegemeza mchi kinuni na kumtazama bintiye.

"Umesahau la pili," Shangazi akasema. Ilimtoka tu, kama mtoto. Akaiacha shuka, akaja polepole. "Rudi Tabora, Mama. Uanze upya."

Akachukua mchi wa pili akasimama upande wa pili wa kinu. Wakatwanga kwa kupokezana. Bibi anataja, Shangazi anafuatisha: Kigwa, Rubuga, Tura. Midomo ya Shangazi ilikuwa inakwenda pamoja na ile sauti iliyopinda, inaisindikiza. Walifika Bagamoyo wakarudi. Wakaenda tena. Jasho linamtoka Bibi, nami nilitaka kumwambia apumzike lakini nikaona ule uso, nikamwacha. Mama alikuwa ametoka jikoni. Baba alikuwa ameshavaa kofia yake ya kazi na hakuondoka.

Sijui ilikuwa safari ya ngapi, Bibi akataja Kigwa, akataja Rubuga, na pale pa Tura akatia maneno mengine kabisa: "Umekonda, binti. Tumbaku inakula watu huko kwenu?"

Shangazi aliunyanyua mchi na haukushuka. "Amesema nimekonda," akasema. Akatuangalia mmoja mmoja. "Mmesikia? Mama amesema nimekonda!" Akaanza kucheka, akaanza kulia, vyote pamoja, akapiga magoti akamshika mama yake mashavu, lile zima na lile lililolegea. "Sema tena, Mama. Sema tena."

Bibi akasema tena. Safari hii na Baba alisikia kidogo.

Halafu Shangazi akauliza swali ambalo, mkitaka kujua, hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza Bibi tangu aanguke, hata mimi. "Mama, wewe mwenyewe unataka nini?"

Mimi nilishajiandaa kushangilia. Nilijua atasema anataka kukaa Kanyenye, na mimi. Bibi akavuta pumzi, akasema polepole ili wote tupate: "Nitakwenda Goweko. Lakini matobolwa yakauke kwanza. Na wewe ukae hapa, ujifunze kunisikia, ndipo twende."

"Bibi!" nikapiga kelele. "Kwa nini?"

"Kwa sababu hapa nina mdomo mmoja tu, nao ni wako. Wewe una shule. Unatakiwa ukacheze."

Nilikasirika vibaya sana. Mimi ndiye niliyempigania, halafu ananiacha! Nilikwenda kujificha nyuma ya banda la kuku, sikutaka kuongea na mtu. Baadaye nilipopoa nikaenda kwake na swali lililokuwa linanikera: kama ulimi umepona, kwa nini wengine wanapata taabu kumsikia? Bibi akacheka kile kicheko chake cha upande mmoja. "Ulimi? Ulimi uko vile vile tangu siku ile, mke mwenza. Haujapona hata kidogo. Ni sikio lako lililonifuata." Nilikataa. Nilimwambia ni Mama Maria. Akasema basi labda Mama Maria alianzia kwenye sikio.

Shangazi alikaa. Kila asubuhi kinu, kila jioni hadithi zile za zamani alizokuwa anazijua mwisho wake. Matobolwa yalipokauka yakalia kama kokoto kwenye ungo, wakaondoka. Pale stesheni Bibi aliita kutoka dirishani, "Tereza!" Nikaitika, "Abee, Bibi!" Watu waligeuka kuona mtoto huyu anamwitikia nani.

Likizo iliyofuata Baba alinipeleka Goweko. Nilishuka nakimbia mpaka uani kwa Shangazi, Bibi ameketi kivulini mwa ghala la tumbaku, akanifungulia mkono na kusema kitu kirefu. Sikusikia. Nasema ukweli, niliusikia mngurumo tu, kama siku ya kwanza. Nikadhani ugonjwa umemrudia, au mimi ndiye nimelaaniwa. Nikamgeukia Shangazi, naye amesimama ananicheka, mikono kiunoni.

"Kaa hapo," akaniambia, akanisukumia kigoda. Akanipa mchi. "Usiondoke. Anza na Kigwa."

Kabla hatujavuka Mgunda Mkali nilikuwa nimeshampata. Alikuwa ananiambia nimelala mno, ndiyo maana nimechelewa kuja.

Basi juzi, Roza akiwa na hayo machozi yake na bakuli la matobolwa mkononi, nilimshika mkono nikampeleka chumbani kwa baba yake, nikamkalisha kwenye kigoda karibu na mto. Alitaka kuinuka, nikamkandamiza bega. Huyu mzee, miaka yote watoto wetu walipokuwa wadogo, jioni alisimama mlangoni akawaita waje kula, kwa majina, kuanzia mkubwa mpaka kitinda mimba, kila siku kwa mpangilio ule ule. Mimi nimekaa naye tangu atoke hospitali. Nimeshamsikia. Kila jua likielekea kuzama anawaita, na wao wanatoka nje kabla hajamaliza.

"Mama, mimi simwelewi," Roza akasema.

"Hujaambiwa uelewe. Umeambiwa ukae. Anaanza na wewe."

Mzee akafungua kinywa. Roza akatazama chini. Mzee akarudia, mpangilio wote, akapumzika, akaanza tena kwa mkubwa. Nilimwona binti yangu ananyanyua kichwa taratibu, kijiko kimesimama juu ya bakuli. Mzee akaita mara nyingine.

"Abee, Baba," akaitika Roza.